Mahamri Yaliyokataa Kufura

Msomaji mpenzi, katika mjadala wa Chama chetu cha Kiswahili, ndugu mmoja wa upande wa upinzani alisimama, akakohoa kidogo kama mbunge, akasema ya kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na ya matangazo ya vifo redioni, ati hakiwezi kubeba Fizikia. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na kisa cha Fizikia kilichotendeka chote kwa Kiswahili, kosa lake, hesabu yake na machozi yake, lakini sikuwa tayari kukisimulia mbele za watu. Mhariri aliponiomba makala ndipo nikaona heri nikitoe hapa, maana kalamu haina uso wa kuona haya. Mniwie radhi nikitia tarakimu nyingi. Bila tarakimu hizo mimi singalipatikana.

Mama yangu anauza chai ya asubuhi huku kwetu Kisauni, Mombasa. Mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa yenye iliki. Jioni viazi karai. Wateja wake ni watu wa bodaboda, wajenzi, watoto wa shule, na Mwalimu wetu wa Fizikia ambaye hula mahamri manne na sahani ya mbaazi kila siku kabla kengele haijalia. Karo yangu hutoka katika karai lile. Hilo nalijua tangu utotoni, na ndilo linalonifanya nione aibu zaidi.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 kulitokea mlipuko mkubwa wa gesi huko Embakasi, Nairobi, uliotoa roho za watu na kuteketeza nyumba na magari. Kesho yake picha zilikuwa katika kila simu. Mama alizitazama, kisha akautazama mtungi wake wa kilo 13 uliokaa chini ya meza, hatua mbili kutoka kwenye moto. Hakusema neno mpaka wateja walipoisha. Halafu akaniita.

"Mwanangu, hili jini litoke humu ndani. Nataka likae uani, penye upepo."

Kutoka uani hadi jikoni, ukipitia ujia wa nyumba na kuzunguka pembe ya ukuta, ni mita 12. Jumamosi tarehe 3 Mama alinipa shilingi 1,800, akakata kipande cha mpira wetu wa zamani wa gesi kiwe mfano. "Ule ule, wa milimita nane. Shilingi mia na hamsini kwa mita. Nishauliza bei."

Dukani nilikuta mipira miwili imening'inia ukutani, yote ya rangi ya machungwa, yote imeandikwa ya gesi. Mmoja ulikuwa wa milimita nane. Mwingine ulikuwa wa milimita sita, shilingi 100 kwa mita. Nilisimama pale nikifanya hesabu ya Darasa la Tatu: 12 mara 50 ni 600. Na kule Kongowea, katika mitumba, kulikuwa na njumu za mpira nilizozikodolea macho wiki mbili nzima, bei yake 550. Nilijiambia milimita mbili ni nini? Ni unene wa sarafu. Gesi si uji, itapita tu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mita 12.

Mpira ule ulikataa kuingia kwenye pua ya regulata, kwa kuwa pua ilikuwa pana kuliko tundu lake. Nikauchovya ncha katika maji ya moto hadi ukalainika, nikausukuma kwa nguvu, nikakaza klipu. Nikafanya vivyo hivyo upande wa pili, kwenye bomba fupi linalogawa gesi kwa majiko matatu. Mama akawasha. Moto ukawaka wa buluu, mzuri, akanibariki. Jioni ile nilifunga magoli mawili.

Jumatatu asubuhi mahamri ya kwanza yalifura vizuri kama kawaida. Mkupuo wa tano ukatoka na mahamri yaliyofura nusu. Kufika wa nane, yalikuwa bapa kama soli ya champali na yamelewa mafuta. Mama aliyashika moja baada ya jingine, akayapasua. Hamri zuri lina uwazi ndani, unaweza kutia mbaazi. Haya yalikuwa unga mtupu.

Basi lawama zikaanza safari yake. Kwanza ikalaumiwa hamira. Tukabadilisha hamira. Kisha unga, kisha tui, kisha baridi ya usiku (baridi gani Mombasa mwezi wa Februari?). Mama akaenda kugombana na muuza gesi, akamwambia anauza mitungi ya upepo. Muuza gesi akaapa kwa jina la mama yake aliyelala kaburini. Mwishowe lawama zikatua pale ambapo hutua kila mara katika nyumba zetu, juu ya mtu asiye na wa kumtetea.

Tulikuwa na dada aliyekuwa akimsaidia Mama, msichana wa kutoka Kombani, upande wa Kwale. Yeye ndiye aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku kukanda. Mikono yake ilikuwa na nguvu kama ya baharia, na unga akiukanda husikika ukipumua. Mama akaanza kusimama nyuma yake akimtazama. Halafu maneno: "Unakanda kwa haraka ukalale." "Hujui kupima chumvi." Kisha akaanza kumkata pesa za unga ulioharibika, shilingi 800 kwa jumla. Dada alijitetea siku mbili tatu, siku ya nne akanyamaza. Mwisho wa Februari akafunga nguo zake katika leso, akaondoka. Alipopita mlangoni njumu zangu zilikuwa pale kizingitini, akaziruka ili asizikanyage.

Mimi sikujua bado kwamba ni mpira. Naomba mniamini hapo. Nilishuku tu, kwa namna ile mtu anavyoshuku jambo na kulifunika.

Ilikuwa katika somo la kiasi cha joto, mada ya Kidato cha Tatu, ndipo mambo yalipoanza kunisonga. Mwalimu alikuwa akieleza kwamba kila kitu kina tamaa yake ya joto: kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 ili ipande digrii moja, lakini kilo ya mafuta ya kupikia yatosheka na 2,000 hivi. Akageuka akanitazama. "Wewe mtoto wa mahamri, mafuta ya mama yako ni kiasi gani?" Nikasema kilo tano. "Kutoka digrii 30 hadi 180, ni jouli ngapi?" Nikapiga: tano mara 2,000 mara 150, ni jouli milioni moja na nusu, yaani kilojouli 1,500. "Na jiko lake lina nguvu gani?" Hiyo niliijua, kwa sababu imechapishwa nyuma ya jiko: kilowati 9 lile la karai, 5 la mbaazi, 4 la chai. Jumla 18.

"Hebu tuseme asilimia 40 tu ya moto ndiyo inayoingia katika mafuta, na nyingine inakwenda kupasha Kisauni joto."

Darasa likacheka. Asilimia 40 ya 9 ni 3.6. Gawanya 1,500 kwa 3.6, utapata sekunde 417, dakika saba. Nikainua mkono bila kufikiri: "Mwalimu, yetu inachukua dakika zaidi ya kumi."

Akanyamaza kidogo. "Basi ndiyo maana mahamri siku hizi yananilalia tumboni," akasema. "Njoo saa ya mapumziko."

Katika chumba cha walimu alinipa karatasi na kuniambia tuufuate moto hadi ulikotoka. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa kama megajouli 46. Kilowati 18, ikiwa majiko yote matatu yamewashwa, zinahitaji karibu gramu 0.39 za gesi kila sekunde, yaani kilo 1.4 kwa saa. Regulata yetu imeandikwa kilo 1.5 kwa saa, kwa hiyo kwake si mzigo. Gesi hiyo ikiwa nje ya mtungi ina uzito wa kilo mbili hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Ndiyo sababu, akaongeza, gesi iliyovuja hailengi dari kama moshi, bali hutambaa chini kama paka, maana hewa ya kawaida ina kilo moja na kitu tu. Gramu 0.39 ni sentimita za ujazo 196. Hizo ndizo zinazopita ndani ya mpira kila sekunde.

"Mpira wenu una kipenyo gani ndani?"

Msomaji, hapo ndipo pangekuwa mahali pazuri pa kusema kweli. Tulikuwa wawili tu. Feni ilikuwa ikizunguka.

"Milimita nane, Mwalimu."

Akaandika 8. Akagawa 196 kwa eneo la tundu, ikatoka mwendo wa mita 3.9 kwa sekunde, jambo ambalo hata sisi twaliweza kwa mada ya mtiririko tuliyosoma Kidato cha Pili. Kisha akatoa kanuni isiyokuwamo katika silabasi yetu. Gesi ikipita ndani ya mpira husuguana na ukuta wake, na kila mita huacha sehemu ya shinikizo njiani. Kinachopotea ni urefu ukigawanywa kwa kipenyo, mara nusu ya uzito wa ujazo, mara mwendo kipeo cha pili, na vyote hivyo mara tarakimu moja ndogo ya msuguano, ambayo aliisoma kwenye chati ya kitabu chake cha chuo: 0.034. Tukapata paskali 775, ambazo ni milibari 8 hivi.

Regulata hutoa milibari 30. Toa 8, zabaki 22. Lakini shinikizo likipungua gesi hutoka kidogo, nayo ikitoka kidogo hupoteza kidogo. Ikabidi tuizungushe hesabu ile mara tatu mpaka ikatulia. Jibu likawa kwamba kwenye majiko panapaswa kuwa na shinikizo la kuinua maji sentimita 24. Moto ungepungua sehemu moja tu katika kumi.

"Haitoshi," Mwalimu akasema, akijikuna kidevu. "Sehemu moja katika kumi haiharibu mahamri. Kuna kitu kingine." Akasimama. "Jumamosi nitakuja na manomita."

Siku zile nne sikulala vizuri.

Jumamosi ya kwanza ya Machi alikuja asubuhi na mapema, amebeba bomba la kioo la umbo la U lililofungwa juu ya ubao, kiungo cha umbo la T, na chupa ya maji yaliyotiwa wino mwekundu. Mama alikuwa amejifunga leso mbili kama aendaye harusini. Ramadhani ilikuwa mlangoni, na Ramadhani kwetu ndiyo msimu: mahamri ya futari, viazi karai, oda za majirani na misikiti. Tayari oda mbili zilikuwa zimerudishwa.

Mwalimu alizima kila kitu, akafunga koki ya mtungi, akafungua milango na madirisha, ndipo akaunga chombo chake. (Ndugu zangu, jambo hili lilifanywa na mwalimu, majiko yakiwa mahali pa wazi. Asiende mtu nyumbani kukata mpira wa gesi kwa sababu amesoma gazeti letu.) Kwanza tulipima pale uani, kwenye regulata. Maji mekundu yakapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, tofauti yake sentimita 30 na kitu. Vizuri. Mtungi haukuwa wa upepo. Muuza gesi alikuwa mkweli, na mama yake apumzike salama.

Kisha tukapima jikoni. Jiko la karai peke yake likiwaka: sentimita 23. Mama akasema, "Ndiyo, jioni huwa sawa, viazi vyangu havina neno." Mwalimu akawasha la mbaazi. Maji yakashuka. Akawasha la chai. Yakashuka tena, yakatetemeka, yakasimama.

Sentimita 14.

Mwalimu akatoa karatasi yetu mfukoni. Karatasi ilisema 24. Akaitazama karatasi, akatazama bomba, akatazama karatasi tena. Alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa kwamba jua limechomoza Magharibi.

"Ama hesabu ina kosa," akasema polepole, "ama mpira una kosa."

"Mpira ni mpya," Mama akajibu. "Wa milimita nane. Alinunua huyu."

Mwalimu akafunga koki ya mtungi, akaacha majiko yamalize gesi iliyobaki, kisha akaanza kulegeza klipu. Alipofika kwenye regulata akasita. Akaomba maji ya sabuni. Akafungua koki kidogo, akapaka povu penye ncha ile niliyoipanua kwa maji ya moto. Pakatoka mapovu mawili, matatu, madogo kama macho ya kaa, yakipanda na kupasuka. Mpira ulikuwa umeanza kupasuka pale ulipolazimishwa. Hakuna aliyesema kitu. Mama alishika ukuta.

Mtungi ulikuwa uani, penye upepo, na huenda hilo ndilo lililotuokoa. Lakini fikirini ingalikuwa ncha ile nyingine, ya jikoni, ambayo niliilazimisha kwa mikono hii hii.

Koki ilipokwisha kufungwa, na mpira kukatwa pale katikati ulipokuwa mzima, Mwalimu akatoa kalipa ya venia mkobani na kunipa mimi. "Wewe una macho mazuri. Pima kipenyo cha ndani."

Nilizitia zile taya ndogo za juu ndani ya tundu, nikazifungua taratibu mpaka zikagusa. Kijasho chembamba kilinitiririka mgongoni. Nimesoma venia mara nyingi maabarani, na kila mara huwa natafuta mstari gani unalingana na mwingine. Siku ile mistari ililingana bila kutafutwa.

"Soma kwa sauti."

"Sita nukta sifuri."

"Sita?"

"Sita, Mwalimu."

Mama alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia meza. Aliniangalia mimi, kisha akageuza shingo akaziangalia njumu pale kizingitini, na niliona hesabu ikipita usoni mwake haraka kuliko ile yetu ya karatasi. Hakupiga kelele. Kama angalinipiga ningalishukuru. Alisema tu, "Mia sita," kisha baada ya muda, "na msichana wa watu nikamkata pesa yake." Akaingia ndani.

Mwalimu naye hakunihubiria. Alivuta kiti, akanipa kalamu. "Fanya upya."

Nikafanya. Gesi ile ile, sentimita za ujazo 196, ikilazimishwa kupita katika tundu la milimita sita, inapaswa kukimbia mita 6.9 kwa sekunde badala ya 3.9. Mwendo unapandishwa kipeo cha pili, halafu kipenyo kidogo kinazidisha hasara tena. Nikapata paskali karibu 3,000. Hizo ni milibari 30. Yaani ili majiko yale yapate gesi yake yote, shinikizo lote la regulata lingeishia njiani, lisibaki hata la kuwashia kibiriti. Kwa kuwa hilo haliwezekani, gesi ikawa inatoka kidogo, na hesabu ilipotulia ikasema sentimita 14 na nusu. Bomba lilikuwa limesema 14.

Ukitaka kuijua siri yenyewe ni hii: kwa gesi ya kiasi kile kile, hasara hubadilika kwa kipenyo kipeo cha tano. Nane kwa sita, ukiizidisha mara tano, ni 4.2. Milimita mbili nilizoziita unene wa sarafu ziliifanya hasara kuwa mara nne na zaidi.

Na mahamri? Moto wa karai ulikuwa umeshuka kutoka kilowati 9 hadi 6. Mafuta yakawa yanachukua dakika zaidi ya kumi kupata moto, jambo ambalo mpishi mvumilivu angelivumilia. Tatizo lilikuwa baada ya hapo. Hamri hufurishwa na mvuke. Maji yaliyomo katika unga yakigusa mafuta yenye joto kali hugeuka mvuke ghafla, yakausukuma ngozi ya hamri kabla haijakauka. Tukikadiria kila hamri lapoteza gramu kumi za maji, mkupuo wa mahamri kumi unakula kilojouli 226 kwa mvuke peke yake, na kama 115 nyingine kuupasha unga. Ni 340 hivi kwa dakika mbili. Jiko la kilowati 9 kwa dakika mbili lilikuwa likiingiza 432, linabaki na akiba. La kilowati 6 likaingiza 288. Kila mkupuo ukawa unakopa kilojouli 50 kutoka kwenye mafuta, na mafuta ya kilo tano hushuka digrii moja kwa kila kilojouli kumi. Digrii tano kila mkupuo. Kufika mkupuo wa nane ni digrii 40, na hamri likiingia katika mafuta ya 140 halifuri, hunywa.

Ni hesabu ya juu juu, Mwalimu mwenyewe alisema. Lakini ilieleza kwa nini mkupuo wa kwanza ulikuwa mzuri na wa nane mbovu, na kwa nini jioni hapakuwa na neno. Haikuhitaji hamira, wala chumvi, wala mikono ya mtu yeyote.

Jambo jingine alilotuambia ni kwamba hata ule wa milimita nane haungefaa. Mpira wa gesi si wa kutandazwa mita 12 ujiani, ukanyagwe na watoto na kutafunwa na panya. Mpira ni wa kipande kifupi, mita moja na nusu au chini ya hapo, na safari ndefu ni kazi ya bomba la chuma au shaba lililofungwa ukutani na fundi mwenye leseni. Mama alichukua mkopo katika chama chake cha akina mama. Fundi akaja katikati ya wiki, akaweka bomba la shaba lenye tundu la milimita 13, na vipande vifupi vya mpira wa nane katika ncha zote mbili. Mwalimu akaleta tena bomba lake la wino. Majiko matatu yakiwaka: sentimita 29. Mama akachota hamri la mkupuo wa kumi, limefura kama shavu la mpiga zumari, akampa Mwalimu. Mimi sikupewa, nami sikuomba.

Njumu niliziuza kwa shilingi 400. Mama akaongeza zile 800 alizomkata Dada, akazikunja ndani ya karatasi. "Utampelekea wewe, kwa miguu yako. Na utamwambia wewe, kwa kinywa chako. Usimwambie nimekutuma."

Jumapili nilivuka feri, ambayo mtembea kwa miguu halipi kitu, nikapanda matatu pale Likoni hadi Kombani. Njiani nilitunga maneno mazuri sana. Nilitunga yenye methali tatu. Nilimkuta nyuma ya nyumba yao akikuna nazi juu ya mbuzi, na yale maneno yote yakaniruka. Nikampa karatasi ya pesa na kumwambia ovyo ovyo: kwamba ni mpira, kwamba nilinunua mwembamba, kwamba nilikula pesa, kwamba tumepima kwa kalipa ikawa sita nukta sifuri.

Alizihesabu pesa. Aliponiuliza hizi 400 za juu ni za nini, nikamwambia ni za viatu. Akacheka, si sana.

Nilimwambia Mama anamhitaji, Ramadhani inaanza wiki hii. Akasema ameshapata kazi ya jikoni huko Ukunda, aanza Jumatatu. Akaendelea kukuna nazi. Kuku mmoja alikuja akadonoa machicha, akamfukuza kwa mguu bila kumtazama. Nilipoona hakuna zaidi nikaaga, nikafika penye mwembe, akaniita.

"Kwa hivyo unga wangu ulikuwa sawa?"

"Ulikuwa sawa, Dada."

"Na chumvi?"

"Na chumvi."